Aironi na Jaa la Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 23 Agosti 1965

Kopo la mvua: vidole viwili. Muhogo wa upande wa kijito umeanza kuoza. Chai bila maziwa, ng'ombe amekauka.

Makokha, mjukuu wangu wa kike, yuko nyumbani tangu Ijumaa, likizo. Baada ya chai tumeanza kazi. Meza kibarazani, ubao wangu wa zamani umeegemezwa ukutani, vipande vinne vya chaki. Nilistaafu ualimu miaka mitatu iliyopita na bado mkono unaijua chaki kuliko jembe.

Mtihani wake wa mwisho wa sekondari ni Novemba. Akifaulu Kiingereza, chuo cha ualimu kitampokea. Asipofaulu, basi. Baba yake, mwanangu Wandera, anayeshughulikia karatasi za malori pale Malaba, amesema wazi: hakuna kurudia darasa, nyuma yake wapo wadogo wanne wanaongoja zamu. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana naogopa zaidi. Ukali wa Wandera hupita, upole wake haubadiliki.

Kinachomshinda mtoto ni yale majina ya ufundi wa maandishi. Mwalimu wao amewapa orodha ya majina ishirini na mawili. Nimeipokea kama mtu aliyeitwa tena kazini.

Leo simili na metafa. Simili hufananisha waziwazi: anatembea kama korongo. Metafa huondoa ile "kama": baba yako ni fisi penye nyama. Amecheka mpaka Mama Wandera akatoka jikoni kuuliza nani anamsema mwanawe. Mtoto ameelewa upesi. Nimefurahi mno.

Alhamisi, 26 Agosti

Mvua hakuna.

Leo jina la tisa katika orodha. Waingereza huliita irony, mimi naliandika aironi. Hili nalipenda kuliko yote. Nimelifundisha miaka mingi.

Nimemweleza hivi. Aironi ni kusema kinyume cha unachotaka kueleweka, na huwezekana penye utani tu. Mimi babu yake, Kuka kwa Kisamia, namwita mke wangu. Bibi yake humwita mke mwenza na humtishia kumfukuza. Hakuna anayekasirika, kwa kuwa babu na mjukuu ni watani. Je, baba yake anaweza kumwita mke wangu?

"Aa, Kuka! Baba akisema hivyo watu watahama kijiji!"

Basi, nikamwambia. Hiyo ndiyo aironi. Ukikuta maneno kinyume, tafuta kwanza undugu. Undugu wa utani upo, aironi ipo. Haupo, hakuna aironi. Ameandika na kupiga mstari chini mara mbili.

Mama Wandera akapita na ungo. "Mzee, wewe nakula chaki ama nakula chakula? Ugali nakuwa jiwe."

Yeye ni mwanamke wa Kiteso kutoka upande wa Tororo, mimi Msamia wa hapa Bulumbi. Tangu tuoane nyumba hii husema Kiswahili, na daftari hili pia. Chake ana namna yake. Sijawahi kumsahihisha. Nilijaribu mara moja mwaka wa kwanza wa ndoa.

Jumapili, 29 Agosti

Kanisani. Nimesoma somo la pili.

Nakumbuka nilivyojifunza aironi. Mwaka wa 1932, chuoni, upande wa Kenya. Nilimwaga mtungi wa maji juu ya daftari za mahudhurio. Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu, akaja, akatazama, akasema: vizuri sana, kijana, umezipa daftari zangu josho zililolihitaji kwa muda mrefu, nakushukuru. Nikasema asante bwana. Darasa zima likapiga makofi. Kisha nikapelekwa kuchimba choo siku tatu.

Nilichanganyikiwa. Kwetu mkubwa akikusifu amekusifu. Baba hageuzi maneno mbele ya mtoto, mwalimu vilevile. Nikamuuliza mwanafunzi wa mwaka wa mbele. Akacheka: Mzungu amekutania, basi amekufanya mjukuu wake. Hiyo huitwa aironi.

Nikaandika kwenye daftari: aironi ni utani. Nilichimba choo kwa moyo mwepesi. Mkuu wa chuo kunifanya mjukuu! Nilipofika nyumbani nilimwambia mama.

Jumatano, 8 Septemba

Kidole kimoja.

Leo nimepata taabu. Kitabu cha Makokha kina mfano wa aironi: fundi saa amechelewa treni. Basi. Hakuna aliyesema neno. Hakuna kinyume cha maneno. Makokha akauliza, nani kamtania nani hapa?

Nimefikiri muda mrefu. Nikasema labda saa na fundi saa ni watani.

Akanitazama. Kisha akaandika. Mtoto mwenye adabu ni hatari kwa mwalimu.

Sijapenda nilivyojibu. Nilijibu ili nijibu. Baadaye nikadhani kitabu kimekosewa kiwandani. Vitabu hukosewa.

Jumatatu, 13 Septemba

Amerudi shule Tororo kwa basi la asubuhi. Sanduku, mto, chupa ya karanga za kusaga. Orodha yote ya majina ishirini na mawili imekwisha. Nyumba kimya. Mama Wandera amefagia kibaraza na kuuhamisha ubao wangu nyuma ya mlango, upande wa kuku.

Jumamosi, 2 Oktoba

Barua ya Makokha.

Walifanya mtihani wa majaribio. Ameanguka Kiingereza. Si kwa mengi, lakini ameanguka. Simili sawa, metafa sawa. Swali kubwa lilikuwa la aironi, na hapo amepata sifuri.

Amenakili swali ili nione. Shairi. Mume ameuawa vitani. Jenerali amemletea mjane nishani ya mumewe. Mjane anasema: asante bwana mkubwa, chuma hiki kitanipasha joto kitandani. Swali: eleza aironi.

Makokha ameandika: hakuna aironi, kwa sababu mjane na jenerali hawana utani.

Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: nani alikufundisha haya?

Chini ya barua, kwa herufi ndogo: "Sikumtaja mtu, Kuka."

Nimesoma barua mara nne. Mara ya tano sikuweza. Nina aibu. Tena sielewi kosa liko wapi. Mjane anamkejeli jenerali, hilo naliona, kipofu angeliona. Lakini kejeli ni kejeli. Hiyo nayo ni aironi? Dhihaka je? Mbona kila neno la Kiswahili ninaloshika linatosha nusu tu?

Wandera akijua ameanguka majaribio atasema yale yale kwa upole ule ule.

Jumatano, 6 Oktoba

Baiskeli mpaka Busia, basi mpaka Tororo. Vumbi la kiwanda cha saruji juu ya kila kitu, hata majani ya migomba. Mwamba wa Tororo ulikuwa na wingu.

Nimemwona mwalimu wake, Bwana Okoth. Kijana wa Kijapadhola kutoka Mwello, ametoka chuo kikuu juzi tu. Nilitarajia kiburi. Hana. Alinipa kiti chake yeye akakaa juu ya dawati, na hakuniuliza nimekuja kwa nini mpaka nimekunywa maji.

Nikasema: yule aliyemfundisha ni mimi.

Akaweka kalamu chini. Kisha, "Mzee, mimi nilidhani ni kitabu fulani kibovu." Halafu akaona alichosema na akashika kichwa. Nikacheka ili kumsaidia.

Akanieleza. Aironi ni za aina tatu. Ya maneno: unasema hili ukimaanisha lile. Ya matukio: watu wanatarajia hili, linatokea kinyume chake, kama yule fundi saa. Ya jukwaani: watazamaji wanajua jambo, na mtu aliye mbele yao halijui, anaendelea kusema na kutenda kana kwamba mambo ni mengine. Nimeandika yote. Nikauliza, na undugu?

"Undugu hauhusiki, mzee."

Hata kidogo?

"Hata kidogo."

Nikauliza basi kitu gani kinazifanya hizi tatu kuwa kitu kimoja. Akaanza kueleza, akasimama, akaanza tena kwa njia nyingine. Nilimfuata mpaka katikati, nikapotea. Niliitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakiniitikia. Sasa najua maana ya kuitikia kule.

Mwisho akaniomba jambo, kwa heshima, akitazama viatu vyake. Mtihani umebaki wiki sita. Mtoto amebeba aironi mbili kichwani zinazopigana. Nimwachie yeye mtoto mpaka amalize. Nisimwandikie chochote cha masomo.

Nimeahidi. Tumeshikana mikono.

Wakati wa kutoka nikamwona Makokha mbali, anavuka uwanja na wenzake, ndoo kichwani. Sikumwita.

Alhamisi, 7 Oktoba

Yule mkuu wa chuo hakuwa babu yangu.

Alikuwa amekasirika tu. Kila mtu mle ndani angeona, kama angekuwa Mwingereza. Miaka thelathini na mitatu nimejiona mjukuu wa mtu aliyekuwa ananikasirikia. Alipokufa niliomba kanisani wamwombee. Nilivaa nguo nyeusi.

Sikula mchana. Mama Wandera hakuuliza. Ameweka sahani, ameiondoa.

Jumapili, 17 Oktoba

Baada ya ibada nilipita Busia kwa Egesa, fundi cherehani, kuchukua suruali. Nilimfundisha darasa la nane. Alipaza sauti toka ndani, watu wote wa barazani wakasikia:

"Mwalimu! Aironi ni nini? Aironi ni utani! Tafuta kwanza undugu! Mnaona? Mambo mengine yote nimesahau, hiyo sijasahau."

Akawaambia wateja wake mimi ndiye mwalimu bora aliyepata kumfundisha. Akakataa kuniacha niondoke bila soda.

Nilitaka kumwambia. Sikuweza. Ni wangapi wako hivyo, huku na ng'ambo ya mpaka? Mmoja ni mchungaji.

Niko gizani. Zile aina tatu nimezikariri kama katekisimu. Ukiniuliza nitajibu. Lakini kukariri si kuelewa, nimewachapa watoto kwa hilo.

Ijumaa, 22 Oktoba

Kopo sikulitazama.

Taaka amejifungua alfajiri. Ni mke wa jirani yetu Ouma. Msichana. Wawili waliotangulia walikufa kabla ya kuota meno, mmoja mwaka juzi, mmoja mwaka jana. Watu hawakupiga vigelegele. Walitembea kwa vidole.

Saa tatu wakaja kumwita Mama Wandera. Nilijua wanamtakia nini.

Niandike desturi yenyewe, maana mzee wa kanisa hujifanya haijui. Mama akipoteza watoto, anayefuata hapokelewi kwa furaha. Hutolewa nje, huwekwa kwenye jaa, pale zinapotupwa taka za kufagia. Husemwa ni takataka, hatuitaki. Mwanamke apitaye humwokota na kumpa jina. Mauti ikisikia hivyo hupita nyumba nyingine, maana nani huiba takataka? Mjukuu wangu alizaliwa hivyo, nyuma ya jiko letu, mwaka wa 1947, baada ya kaka zake watatu kufa. Ndiyo asili ya jina lake. Makokha: takataka. Aliyemwokota alikuwa muuza vyungu wa Kijapadhola, hatukumwona tena. Na mimi, mwalimu, mzee wa kanisa, niliingia chumbani nikawapa mgongo mpaka walipomaliza. Niliona ni ujinga. Kwa ubatizo nikampa mwenyewe jina la Perpetua. Hakuna aliyelitumia.

Leo nilikwenda. Nilisema nampeleka Mama Wandera tu, njia ina utelezi. Nikasimama penye ua wa Ouma.

Mtoto alikuwa juu ya jani la mgomba, maganda ya muhogo kushoto, majivu kulia. Mdogo kama mkono kuanzia kiwiko. Mama Wandera akapita kama anayekwenda zake kuteka maji, na ndoo tupu. Akasimama.

"Nyinyi watu ya hapa! Nani natupa takataka kwa njia? Hii kitu mbaya hii, ni ya nani?"

Mama yake Ouma, kwa sauti ya ukali: "Si yetu! Sisi hatuitaki. Ukiipenda chukua."

"Mimi nitafanya nini na takataka? Tazama pua. Tazama miguu, kama ya panzi."

"Chukua, chukua, inanuka hapa."

Taaka yuko mlangoni ameshikiliwa na wanawake wawili. Machozi yanashuka, na mdomo wake unasema: tupa, tupa mbali. Ouma amesimama anatazama mawingu kama mtu asiyemjua mtoto. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyetabasamu. Sijaona watu wakisema neno baya kwa upendo mkubwa kama ule.

Mama Wandera akainama, akamwokota, akamfuta majivu kwa kanga yake mpya.

Nikashika ua.

Jumamosi, 23 Oktoba

Niandike kabla haijapotea.

Kwanza. Kwa nini walikuja kumwita mke wangu? Kwa sababu si wa ukoo. Ni mgeni, Mteso, hana utani na nyumba ya Ouma. Desturi inataka mgeni. Ndugu hawezi kumwokota. Basi yale maneno yaliyogeuzwa jana, "takataka", "kitu kibaya", yamesemwa penye kukosekana undugu kabisa. Na nilikuwa nikiwaambia watoto watafute undugu! Mfano wa kunipinga ulikuwa nyuma ya jiko langu miaka kumi na minane, na mimi nimeupa mgongo.

Pili. Wote waliosimama pale walijua. Mama, bibi, majirani, mimi. Mmoja tu alikuwa hajui, naye ndiye aliyesemewa maneno yote: mauti. Hiyo si ile ya jukwaani ya Bwana Okoth?

Tatu. Mauti inakuja kutafuta mtoto, inakuta takataka, inaondoka mikono mitupu. Inatarajia hili, inapata lile. Fundi saa amechelewa treni.

Zote tatu, juu ya jani moja la mgomba.

Na mjane yule. Anamshukuru jenerali. Jenerali anasikia shukrani, sisi tunasikia kilio. Kuna asikiaye nusu na kuna asikiaye yote. Nadhani hicho ndicho kinachozifunga. Nadhani. Nikikishika sana kinateleza.

Nimechukua karatasi nimwandikie Makokha. Nimeandika "Mjukuu wangu mpendwa". Nikakumbuka ahadi.

Jumanne, 26 Oktoba

Karatasi bado iko mezani na maneno yale matatu.

Nikiandika, navunja neno langu kwa kijana aliyenipa kiti chake. Tena huenda nimekosea mara ya pili. Nilikuwa na hakika hivi hivi mwaka wa 1932. Nikinyamaza, mtoto anaingia chumba cha mtihani na sumu yangu kichwani. Nimezunguka shamba mara mbili. Sijui. Mzee wa miaka hamsini na tisa, sijui.

Mama Wandera: "Mzee, kama hiyo barua iko na mimba, azae basi."

Nimemweleza yote. Alisikiliza akichambua mchicha. Akasema Jumapili ni siku ya kutembelea wanafunzi, yeye anakwenda kumwona mke mwenza, na yeye hakuahidi mtu kitu. Nikamwambia asitaje aironi. Akasema hata ningemlipa ng'ombe hawezi kulitamka.

Karatasi nimeitia motoni jikoni.

Jumapili, 31 Oktoba

Amekwenda na kuku wa kukaanga, amerudi jioni na vumbi la saruji kichwani.

Anasema walikaa kwenye nyasi na wasichana wengine wanne. Akawasimulia mtoto wa Taaka, pua, miguu ya panzi, yote, akaigiza na sauti. Wasichana walianguka kwa kicheko. Makokha hakucheka. Aliuliza, "Bibi, na mauti ilikuwa inasikia?" Mama Wandera akajibu, ndiyo, inasikia, ndiyo maana nasema kwa sauti. Makokha akaweka chini mguu wa kuku. Kisha akauliza kama kwake pia ilikuwa hivyo, na nani alikuwepo.

Nikamuuliza, ukamwambia nini?

"Nasema kweli. Watu yote nakuwa pale. Babu nakuwa ndani, nageuka mgongo."

Ni kweli.

Jumanne, 16 Novemba

Leo karatasi ya Kiingereza. Saa mbili na nusu nilikuwa kibarazani. Saa tano na nusu nilikuwa bado kibarazani. Mama Wandera alinipa mahindi nipukuchue. Nilipukuchua gunia zima pamoja na yale ya mbegu. Amenigombeza.

Jumamosi, 4 Desemba

Amerudi. Amekonda. Amelala mchana kutwa.

Jioni nilimuuliza mtihani. Akasema lilikuwepo swali. Akasema aliandika juu ya watu wote wanaojua na mmoja asiyejua.

Nikamwambia samahani. Kwa Kisamia, ili iwe nzito.

"Aa, Kuka. Wewe si mume wangu? Mume haombi samahani, ananunua kanga."

Akaenda kumsaidia bibi yake na moto. Sijui kama amenisamehe au amenitania. Sijui kama ni vitu viwili.

Mtoto wa Taaka anatimiza wiki sita. Ananenepa. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti.

Alhamisi, 3 Machi 1966

Redio inasema mambo ya Kampala tangu wiki iliyopita. Sielewi hayo pia.

Wandera amekuja kwa baiskeli kutoka Malaba, jua kali, shati limeloa, bahasha ndani ya kofia. Makokha amefaulu. Kiingereza si alama ya juu, lakini ni ya kufaulu bila shaka. Chuo kinamtaka wiki ya pili kutoka leo.

Wandera alimpa mkono bintiye kama mtu mzima. Kisha akaenda nyuma ya nyumba na kukaa huko muda. Mama Wandera alipiga vigelegele mpaka kwa Ouma wakaitikia.

Mimi nimekwenda kuusafisha ubao kinyesi cha kuku.

Jumatatu, 14 Machi

Ameondoka. Wandera alimpatia nafasi kwenye lori linalotoka Malaba na kupita njia ya chuoni, mbele, karibu na dereva. Dereva ni mgeni, Mkamba, mtu mnene mwenye kofia ya sufu. Njia ni ndefu na malori huanguka. Wiki iliyopita moja lilianguka penye daraja. Nilikuwa nafikiria hilo tangu asubuhi.

Walikuja wote. Ouma, Taaka na mtoto mgongoni. Egesa alifika na sare aliyoishona bila kuombwa. Sala nilitoa mimi. Nilisema amina, na bado sikutulia.

Sanduku limepakiwa. Makokha amepanda. Watu wananitazama, mzee aseme neno la mwisho. Nikasogea mpaka penye mlango wa lori, nikapaza sauti, kwa Kiswahili, njia yote isikie:

"Dereva! Ondoa takataka hii hapa kwangu. Imetuchosha. Hatuitaki. Ukiona shimo njiani, itupe."

Kisha Mama Wandera, nyuma yangu, kwa ukali wote wa Teso: "Peleka mbali! Nanuka!" Na Taaka: "Mbali kabisa!" Na Ouma, na Wandera mwanangu, ambaye sijamsikia akipaza sauti tangu utotoni: "Isirudi!"

Dereva akazima injini. Akashuka. Akasimama mbele yangu, kidole usoni.

"Mzee, wewe ni mtu wa namna gani? Mtoto mzuri hivi, anakwenda kusoma, unamtukana mbele za watu? Na mvi hizo! Haya, nyinyi nanyi mnacheka nini?"

Sikumweleza. Mimi ambaye hueleza kila kitu.

Makokha alikuwa ameinamia dirishani, mikono usoni, mabega yanatikisika. Alipoondoa mikono uso ulikuwa umelowa wote. "Twende, bwana dereva," alisema. "Twende haraka. Watu wa hapa ni wabaya sana."

Lori likaondoka. Dereva alikuwa bado anatikisa kichwa penye kona.

Jumanne, 15 Machi

Kopo la mvua: kidole kimoja na nusu. Ya kwanza ya msimu.

Nimefagia uwanja mwenyewe. Mama Wandera alitaka kuchukua ufagio, nikakataa. Majani, maganda ya karanga, karatasi iliyofungiwa sare. Nimezipeleka nyuma ya jiko.

Nikasimama pale kidogo, uso kwenye jaa.